Miaka Yangu na Mchongaji Asiyesikia, Al Jaddaf

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwamkia bosi kwa Kiingereza, hakuitikia. Nikadhani lafudhi yangu haijamfikia. Nikajaribu Kiarabu kile kidogo nilichookota tangu nishuke uwanja wa ndege. Mgongo wake mpana ukaendelea kunitazama, mikono yake ikaendelea kukanda udongo. Mwisho nikamwambia kwa Kiswahili, tena kwa sauti, kwamba kwetu Tanga mtu mzima asiyeitikia salamu hutafutiwa daktari.

Nyuma yangu mtu akaangua kicheko.

"Buda, unabishana na ukuta," alisema. "Huyo mzee hasikii. Tangu azaliwe hajasikia hata mlango ukigongwa."

Huyo alikuwa Wafula, Mkenya wa Bungoma, fundi wa plasta. Aliiendea swichi ya taa ukutani, akaizima, akaiwasha. Mzee akageuka, akaniona, akatabasamu kama vile ndiyo kwanza nimeingia. Kwake ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia.

"Hapa hatuiti mtu kwa jina," Wafula alinieleza. "Tunaita kwa taa. Zima, washa. Ukimshika bega ghafla akiwa na patasi, Prof, utarudi Tanga kwa vipande."

Jina la Prof lilinishika palepale, kwa ajili ya digrii yangu ya historia, ambayo habari zake zilinitangulia karakanani, na ambayo ilikuwa imenipeleka Dubai kulinda mlango wa duka la mazulia huko Al Mankhool. Nilikuwa mlinzi mwenye tasnifu. Mwenye karakana alipotangaza kwamba mchongaji wake wa Kijerumani anataka mtu wa kuandika Kiingereza kizuri, nilikimbia. Hakuna aliyeniambia kwamba Kiingereza kile ndicho kingekuwa masikio yake.

Nilipomfuata mwenye karakana kulalamika, nilishtuka mara ya pili. Tulimwita Arbab, kama watu wote wa kule wanavyomwita tajiri wao. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe isiyo na hata tone la plasta, na mimi nilikuwa nimeandaa hotuba ya Kiingereza. Akanijibu kwa Kiunguja kilichonyooka kuliko changu. Mama yake alizaliwa Zanzibar.

"Hebu skiza. Ningekwambia kama hasikii, ungekuja?"

"Nisingekuja, Arbab."

"Basi ndiyo maana sikukwambia. Yalla, kafanye kazi."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Vijana wanaoniuliza siku hizi kuhusu kazi ya uchongaji wanadhani ni mtu mmoja, jiwe moja na nyundo. Naomba niwaeleze ilivyokuwa, kwa sababu wengi wao watakuja kuifanya kwa mashine, na mashine haitawasimulia.

Karakana yetu ilikuwa banda la mabati kule Al Jaddaf, jirani na mafundi wa kuunda vyombo vya baharini, upande ambao minara mipya ilikuwa ikisogea kila mwaka kama watu wanaogombea kivuli. Asubuhi basi la kampuni lilitutoa kambini Muhaisnah, likatushusha mlangoni. Ndani hamkuwa na dirisha hata moja. Kiyoyozi kilinguruma kutwa kwa ajili ya udongo, si kwa ajili yetu. Udongo wa kufinyangia ukikauka hupasuka, kwa hiyo tuliufunika matambara mabichi na kuunyunyizia maji, na huo ndio ulikuwa wajibu wangu wa kwanza nje ya kalamu. Nilitoka chuo kikuu nikiwa na ndoto za kuandika historia ya pwani. Nikaishia kunyunyizia maji matako ya farasi.

Bosi aliitwa Bwana Wendelin. Mafundi wa Kipakistani wa jirani walimwita Ustadh, kwani huko ndivyo fundi mkuu anavyoitwa, nasi tukafuata. Mwanzoni nilipata taabu kumwita Ustadh Mjerumani aliyekuwa akila soseji mbele yangu, lakini ulimi huzoea.

Kwa udongo tulianza na kiunzi. Kiunzi ni mifupa ya sanamu: nondo na waya zilizofungwa kwa umbo la mnyama, ili udongo usishuke kwa uzito wake. Juu ya kiunzi Ustadh alipaka udongo kwa viganja, akapunguza, akaongeza, siku baada ya siku. Udongo ukikubalika, Wafula aliumwagia plasta kupata kalibu, yaani umbo la kinyume ambalo ndani yake ni tupu. Kalibu ilifunguliwa vipande vipande, ikapakwa nta ya moto kwa ndani, unene kama wa kidole. Hapo ukapata farasi wa nta, mwepesi, mwenye tumbo wazi. Akachomekewa mirija ya nta, akafunikwa tope la plasta na matofali yaliyosagwa, akaingizwa tanurini. Nta ikayeyuka ikatoka. Mahali ilipokuwa, tukamimina shaba iliyochanganywa na bati. Sanamu ya shaba, wanangu, ni kumbukumbu ya kitu kilichoyeyuka.

Plasta hupata joto inapoganda. Mafundi wengine huangalia saa. Ustadh alilaza shavu juu ya kalibu na kungoja. Alipoinua kichwa, Wafula alijua wakati umefika. Mimi nilipojaribu, nilitoka na shavu jeupe na fununu kwamba nimelala kazini.

Tuliongeaje? Wafula alikuwa na dada kiziwi nyumbani, akajua ishara za Kenya. Ustadh alikuwa na ishara za Ujerumani. Hizo ni lugha mbili, msidhani viziwi wote wanaongea moja. Hilo nalo lilinishtua. Kwa hiyo banda letu likazaa lake: nusu ya Bungoma, nusu ya Ujerumani, na viungo vya Kighuba kwa ajili ya "subiri" na "imekwisha". Kiingereza changu cha kalamu kilibaki cha wageni na ankara. Ustadh alimpa kila mtu jina la ishara. La Arbab lilikuwa kufuta vumbi kwenye mkono wa kanzu. Langu lilikuwa kufungua kitabu na kusinzia.

Ni kwa lugha hiyo alinisimulia maisha yake, wakati wa chai, kwa miezi mingi. Baba yake alichonga mawe ya makaburi katika mji mdogo. Walipogundua kwamba mtoto hasikii, walimpeleka shule ya viziwi, na huko walimu walikuwa na imani moja: mtoto lazima aseme kwa mdomo. Mikono ilipigwa marufuku. Alinionyesha walivyokaa: alivivuta viganja vyake chini ya mapaja yake, akavikalia, akanitazama. Mtu mzima, mwenye mabega ya mbeba mizigo, amekalia mikono yake kwenye kiti cha plastiki huko Dubai. Sikujua niangalie wapi.

"Miaka?" nilimuuliza kwa ishara.

Akaonyesha urefu wa mtoto kutoka sakafuni, halafu urefu wa kijana.

Alipotoka shule, alisema, mikono ilikuwa na njaa. Akaishika patasi ya baba yake. Kwanza majina ya marehemu, kisha malaika, kisha chemchemi za mji na watakatifu wa makanisa. Akaoa mwanamke kiziwi, mshona mapazia, mwenye maneno mengi kiasi kwamba walikula chakula kimepoa, kwa sababu huwezi kushika uma na kusengenya jirani kwa wakati mmoja. Mkewe alipofariki, nyumba ikanyamaza. Nilicheka nikidhani ni mzaha wa kiziwi. Hakuwa anatania. Nyumba isiyo na mikono inayosogea, alisema, ndiyo ukimya. Mwito ulipokuja wa kuchonga farasi wa hoteli huko Ghuba, akapanda ndege, na hakurudi.

Kwa miaka michache ya mwanzo tulichonga kila tulichoagizwa: farasi wa mahoteli, kipanga wa ofisi, swala wa bustani. Kisha ikaja kazi kubwa. Mnara mmoja mpya ulitaka farasi jike wa shaba, mkubwa kuliko wa kweli, asimame kwenye ukumbi wa mapokezi, shingo ameigeuza kama aliyesikia mtu nyuma yake. Upande wa wenye mnara alisimamia mhandisi mmoja mwanamke, ambaye sote tulimwita Madam Mhandisi. Alivaa kofia ngumu nyeupe hata ndani ya banda letu, ambamo kitu pekee kilichoweza kuanguka ni mimi.

Ziara yake ya kwanza ilikwenda vibaya. Alimnyoshea Ustadh mkono, Ustadh akamtazama usoni kwa upole na kuuacha mkono ukining'inia hewani. Nilitamani sakafu inimeze. Madam akaurudisha mkono mfukoni, akaondoka mapema. Wafula akasema labda wazee wa Kijerumani hawasalimiani na wanawake. Mimi, mwanahistoria, nikaongeza nadharia mbili zaidi, zote upuuzi.

Mambo mengine tuliyaona bila kuyaona. Ustadh alipiga mateke ndoo zilizokuwa pembeni ya miguu yake, kisha akatugombeza. Akachora mistari myeupe sakafuni, kila ndoo na kiti na ngazi vikapewa makazi, na ole wako ukiviacha nje ya mstari. Tulisema ni Ujerumani huo unamtoka. Tulimpigia saluti.

Halafu ikaja siku ya vumbi.

Ilikuwa alasiri, upepo wa jangwani umeinua mchanga hadi jua likawa kama taa iliyofunikwa gazeti. Umeme ukakatika. Kiyoyozi kikanyamaza. Kwenye mlango mkubwa mwanga wa kahawia bado uliingia. Mimi na Wafula tulionana vizuri, tukaanza kutafuta matambara ya kuziba mlango. Ndipo nikaisikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia maishani. Ilikuwa sauti ya Ustadh. Alikuwa akipiga kelele.

Alisimama katikati ya banda, mikono ameitanua mbele yake, akipapasa hewa. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, mbele yake kabisa, nikimwashiria: niko hapa, niko hapa. Macho yake yalipita juu yangu kama yanavyopita juu ya ukuta.

"Manze," Wafula alinong'ona, kana kwamba mzee angeweza kumsikia, "huyu mzee haoni."

Nilimkimbilia, nikamshika mkono. Alinidaka kwa nguvu hadi mfupa ukalia. Hakuniachia mpaka umeme uliporudi, na uliporudi aliniona, akaona jinsi ninavyomtazama, akajua kwamba siri imetoka.

Tukamketisha. Akakunja kiganja kama bomba, akakiweka jichoni. Ndivyo aonavyo, alisema. Mbele tu. Pembeni hakuna kitu, chini hakuna kitu. Kukiwa na giza kidogo, bomba nalo hufunga. Alizaliwa na ugonjwa huu pamoja na uziwi wake. Daktari alimwambia zamani kwamba bomba litapungua mwaka hadi mwaka, kisha litazibika.

Hapo ndipo nilipoigeukia swichi ukutani. Zima, washa. Kila siku, kutwa. Kila tulipomwita, tulimtupa gizani. Utaratibu ule aliuweka mwenyewe alipokuwa bado anaona, na macho yalipoanza kupungua aliogopa kuubadilisha, kwa sababu tungemuuliza sababu. Kwa hiyo alisimama gizani mara zote hizo, ameshika patasi, akingoja dunia irudi, kisha akageuka na kutabasamu.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza.

Jibu lake nalikumbuka umbo kwa umbo. Arbab atatafuta mchongaji mwingine, alisema, lakini hilo si kubwa. Udongo naweza kuuona kwa vidole. Nyinyi siwezi. Bomba likiziba sitaona mkono wa mtu yeyote. Sitasikia, sitaona. Nani atanisemesha?

 

Wafula ndiye aliyejibu. Akamwendea Ustadh, akaishika mikono ya mzee, akailaza juu ya mikono yake mwenyewe, kisha akaanza kuashiria polepole, chini ya viganja vile. Ustadh akafumba macho. Uso wake ukafuata, kama mtu anayefuata wimbo.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimemwambia akanyage breki, asiogope, wewe Prof bado upo. Wewe huwezi kunyamaza."

Basi tukaanza kujifunza upya. Kanuni yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuizoea: anayesema anaweka mikono chini, anayesikiliza analaza yake juu. Taa tuliachana nazo. Tulimwita kwa kukanyaga ubao tulioutandika sakafuni, mtikisiko ukamfikia miguuni. Njiani tulikwenda tumeshikana mikono, mimi nikimsimulia vitu kiganjani: gari, paka, mnara mpya, mtu kavaa suti kwenye jua hili, Mungu amsaidie. Nilijiandaa kuchekwa. Hakuna aliyetuangalia mara mbili, kwani Ijumaa wafanyakazi wa nusu ya Asia hutembea wameshikana mikono huko. Aliyekuwa na haya alikuwa msomi peke yake.

Farasi naye akaendelea. Ustadh alimfinyanga kwa kupanda ngazi na kumkumbatia shingoni, shavu likiwa kwenye udongo. Mimi nililinda mistari ya sakafuni kama mpaka wa nchi. Arbab alipokuja, tulimweka Ustadh mahali penye mwanga, na mimi nilisimama pembeni yake nikimbana kiwiko kila mtu aliponyosha mkono. Tulidhani tuna akili sana.

Siku ya ukaguzi Arbab alifuatana na Madam Mhandisi. Udongo ulikuwa umekamilika isipokuwa masikio. Madam angeweza siku hiyo kupitisha kazi au kuipeleka kwa mtu mwingine, na hilo tulilijua sote. Ustadh aliweka kiganja nyuma ya shingo yangu, kama alivyozoea ninapomtafsiria. Kwa mtikisiko alijua nimeanza kusema na nimemaliza.

Madam akanyosha mkono. Nikabana kiwiko. Ustadh hakuunyosha wake. Akanigeukia, akaashiria mbele ya watu wote, kwa mapana: Mwambie siuoni mkono wake. Mwambie niko karibu kuwa kipofu. Mwambie siku ile sikumdharau.

 Nikamtazama Wafula; Wafula alikuwa akitazama dari.

"Anasemaje?" Madam akauliza.

"Anasema karibu sana," nikasema.

Kile kiganja kikakaza shingoni mwangu. Akanigeuza kama anavyogeuza kalibu. Nimekupa maneno mengi, aliashiria, umetoa machache. Toa yote.

"Prof," Wafula akasema taratibu, "toa tu, bana. Mzee ashajua umepunguza."

Nikamuuliza Ustadh kwa mikono: unataka kupoteza kazi? Akanijibu: Nikificha macho, itabidi nifiche na mazungumzo haya, na akaishika mikono yangu akaiinua. Sitakalia mikono tena.

Nikasema yote. Kwa Kiingereza, neno kwa neno, nikitazama kofia nyeupe ya Madam kwa sababu uso sikuuweza.

 Madam alikuwa amefunika mdomo. Arbab alivua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa, akaivua tena.

"Tangu lini?" aliniuliza kwa Kiswahili.

"Tangu zamani, Arbab."

"Na farasi wote hawa?"

"Wote."

"La haula." Akakaa kwenye kiti, ambacho kwa bahati kilikuwa ndani ya mstari wake. "Mie naingia humu kila wiki. Mie ndo kipofu."

Madam akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mnara hauwezi kumwachia kazi ya aina hii mtu asiyeona. Kuna taratibu, alisema. Kuna watu juu yake. Arbab akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa Kiingereza cha polepole:

"Madam, farasi huyo hapo. Mtazame farasi. Mtu mwache."

Alimtazama. Alimzunguka kwa muda mrefu, akainama chini ya tumbo, akasimama pale shingo inapogeuka. Sikutafsiri chochote, kwa kuwa hakukuwa na chochote cha kutafsiri, na Ustadh alisimama ametulia, kiganja shingoni mwangu, akingoja nitikisike. Ndiyo subira ndefu kuliko zote nilizowahi kusimama nazo.

Madam akarudi. Hakunyosha mkono. Aliufuata mkono wa Ustadh pale ulipokuwa, ubavuni, akauchukua, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Mwambie amalize masikio," akasema. "Na nta aisimamie mtu anayeona."

"Mimi," Wafula akadakia kabla sijafungua mdomo. "Mimi naona kama mwewe, Madam."

Farasi alimiminwa shaba vipande vipande, akaungwa, akapigwa tupa, akachomwa dawa hadi akapata rangi ya tende mbivu. Alipopandishwa kwenye lori, bomba la Ustadh lilikuwa limebaki kama tundu la sindano. Alimwona kichwa. Kisha akamwona mkia. Mzima hakuwahi kumwona, na aliposema hivyo alikuwa akicheka, mimi ndiye niliyegeuka pembeni.

Haukupita muda mrefu, ardhi ya banda ikatakiwa kwa mnara mwingine. Arbab akatukusanya, akasema khalas, umri wake pia umefika. Ustadh hakuwa na kazi tena, na asiye na kazi hana kibali cha kukaa. Dada yake alimpatia nafasi kwenye nyumba moja ya wazee huko kwao. Wafula akaenda kujenga mabanda ya maonyesho ya biashara, mimi nikasimamia wasafishaji wa hoteli.

Uwanja wa ndege mhudumu alikuja na kiti cha magurudumu. Ustadh alikataa kiti. Aliniuliza, mikono yake juu ya yangu, je, huko aendako kuna mtu anayejua lugha ya mkononi? Nilimwambia sijui. Ningeweza kusema ndiyo. Lakini alikuwa ameshanifundisha kutoa yote. Mhudumu akamshika kiwiko, akamgeuza, na viganja vyake vikaondoka vikiwa bado vimekunjwa kwa umbo la mikono yangu.

Sasa nimestaafu, nikiwa na miaka hamsini na kitu, bila sherehe wala saa ya ukutani. Kifua ndicho kilichonistaafisha. Vumbi la plasta halina haraka. Vijana, vaeni barakoa hata bosi akiwacheka. Naishi Tanga, naandika makala ambazo watoto wangu wanasema ni ndefu. Watu huniuliza kazi ile ilinifunza nini. Nadhani ilinifunza kushtuka vizuri. Nilikwenda Dubai nikiamini nimeshajua watu wakoje, na karibu kila mwaka mtu mmoja alinithibitishia kwamba sijui.

Kilichonisumbua baada ya kurudi ni simu. Nina simu inayopiga sauti na picha hadi mwisho wa dunia, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomfikia Ustadh. Dada yake alikuwa mgonjwa, hajibu. Barua angesomewa na nani, kwa lugha gani? Miezi ikapita, na swali lake la alasiri ile ya vumbi nililala nalo na kuamka nalo.

Mwisho nilikwenda kwa daktari wa meno wa mtaani kwetu, nikamwomba ule unga wa kuchukulia umbo la meno. Akanitazama mdomoni. Nikamwambia si kwa meno. Nyumbani nikaukoroga kwenye ndoo, nikatumbukiza mkono wangu, nimeukunja kwa ishara moja ya banda letu, ile ya kuuliza: Upo? Unga ukashika. Nikautoa mkono, nikamimina plasta ndani ya tundu, nikapata mkono wangu mweupe, hadi na kucha. Ishara nyingi hupoteza maana zisipochezeshwa. Hiyo haihitaji.

Posta karani alifungua boksi akaruka nyuma.

"Mzee! Mkono wa nani huu?"

"Wangu."

Akaiangalia mikono yangu yote miwili. "Sasa huu wa tatu?"

"Ni barua."

Aliita wenzake. Nilieleza, nikaeleza tena, na mwishowe wakaupitisha, nadhani kwa kuchoka.

Ukapita muda nikaamini umevunjika njiani, au umemfikia dada mgonjwa, maana ni anwani yake niliyokuwa nayo, ukamwongezea ugonjwa. Kisha, mwaka uliofuata, wakaniita posta. Boksi lilikuwa zito. Nililifungulia sebuleni, mke wangu amesimama juu yangu na upawa.

"Subhanallah," alisema. "Mume wangu, hii mikono imekatwa?"

Ilikuwa mikono miwili ya plasta, imeungana. Wa juu niliujua kabla sijauona vizuri: kiganja kipana, dole gumba la mtu aliyekanda udongo maisha yake yote. Umelala, umelegea, umetulia. Chini yake kulikuwa na mkono mwingine, mdogo, wenye mikunjo ya uzee na alama ya pete, vidole vimeshikwa katikati ya ishara ambayo siijui. Si ya Bungoma. Si ya banda letu. Kuna mtu huko, sijui nani, sijui ana jambo gani refu hivyo, aliyekuwa akiongea wakati unga unaganda, wala hakunyamaza kuungoja.

Nilikaa chini. Nilipapasa kwa vidole, macho nimefumba, nikaona na wivu kidogo, siwadanganyi.

Mke wangu akainama karibu. "Anasema nini?"

"Hasemi kitu," nikamwambia. "Anasemeshwa."